Pedali ya Klachi Iliyo Nzito na Yenye Kulia

Mkulima wa Makongolosi mwenye lori la zamani hulitegemea kwa kazi nyingi, na iliyo kubwa ni kuchukua marobota ya tumbaku na magunia ya mahindi. Akitaka kufika Mbeya, ana kilometa kama 39 hadi Chunya, kisha kama 72 nyingine, na kabla ya kuufikia mji hana budi kuuvuka mgongo wa milima ya Mbeya na kushuka mteremko mkali.

Watu wengi hudhani kwamba mlio wa pedali ni udhia wa masikio tu. Sivyo. Klachi ndiyo itengayo injini na giaboksi. Pedali ikiwa nzito hata isishuke mpaka mwisho, gia hukwaruzana na meno yake huliwa. Tena dereva asiyeweza kurudi gia ya chini mteremkoni hubaki na breki peke yake, nazo breki za lori lenye shehena hupata moto na kulegea.

Kwanza yafaa kujua kelele yatoka wapi. Simamisha lori mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na uzime injini. Mtu mmoja akanyage pedali polepole, na mwingine asikilize chini. Ikiwa yalia hali injini imezimwa, ubovu u katika mhimili wa pedali, springi, au viungo vya fimbo. Ikiwa yalia injini inapozunguka tu na pedali imekanyagwa, yamkini ni beringi ya klachi; hiyo ni kazi ya fundi, kwa maana giaboksi lazima ishushwe.

Sasa ondoa pini inayounganisha pedali na fimbo, kisha isukume pedali kwa mkono. Ikiwa bado ni nzito, mhimili wake umekauka. Ikiwa imekuwa nyepesi, tafuta mbele zaidi: katika waya, katika uma, au ndani ya klachi yenyewe.

Mhimili uliokauka ndio ubovu wa mara nyingi katika nchi yetu ya vumbi. Vumbi huchanganyika na grisi ya kale, vikawa kama udongo wa kufinyangia. Kupaka grisi mpya juu yake hakufai kitu. Chomoa mhimili, uoshe pamoja na bushi kwa mafuta ya taa, mbali na moto. Ondoa kutu kwa msasa laini, ukaushe kwa kitambaa. Bushi ikiwa imelika upande mmoja, badili. Kisha tia grisi mpya, na ikiwa kuna tundu la kutilia grisi, pampu mpaka ile ya kale itoke pembeni. Usitumie mafuta ya kupikia, kwani hugeuka gundi; wala usimwage oili chafu ya injini, kwani hukusanya vumbi upya.

Jihadhari na mambo mawili. Grisi isiingie ndani ya nyumba ya klachi, kwa kuwa sahani zitateleza. Na vumbi la humo usilipulize: klachi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu.

Lori lenye klachi ya maji, tazama kopo lake: litiwe mafuta ya breki tu, maana oili ya injini huvimbisha mipira.

Ukiisha kurudisha pini, pima nafasi ya bure, yaani mwendo wa pedali kabla haijaanza kusukuma. Katika malori mengi ya fimbo ni kama milimeta 25, lakini kitabu cha lori lako ndicho cha kufuatwa. Nafasi ikikosekana, beringi huzunguka daima na sahani huungua.

Wakati wa kiangazi tia grisi kila ubadilipo oili ya injini. Na masika, ukivuka maji yaliyofika mhimilini, usingoje siku hiyo.