Teste ya mimba imesema "hapana": je, ni kweli?

Wewe mama wa kambi, siku zako za mwezi zimepita na hujaona kitu. Umenunua teste kwa farmasi, umepima nyumbani, umeona mustari mumoja tu. Umesema: "Basi, sina mimba", na umeitupa. Baada ya wiki tatu umekwenda kwa dispansere kwa sababu ya kutapika, na munganga anakuambia una mimba ya miezi miwili! Wengine hapo wanakasirikia mwenye farmasi, wengine wanatafuta muchawi. Lakini jambo hili lina sababu zinazojulikana, na inafaa tuzisome pamoja. Na wewe baba, usigeuze ukurasa: utaona kwamba habari hii inakugusa.

Teste inatafuta kitu gani? Haitafuti mutoto. Inatafuta homoni moja iitwayo HCG, ambayo mwili wa mwanamuke unaitoa katika mukojo wakati ana mimba. Sasa angalia vizuri. Yai likiisha kukutana na mbegu ya mwanaume, halishikamani na kizazi siku ileile. Linatembea kwanza, na kushikamana kunafanyika kwa kawaida siku 6 mpaka 12 baada ya yai kutoka. Mbele ya hapo, hata teste ya bei kali haiwezi kuona kitu. Kisha homoni inaanza kidogokidogo, na katika wiki za kwanza inaongezeka mara mbili kila siku 2 ao 3. Mwanamuke aliyepima siku ya tatu na yule aliyepima siku ya tisa wanaweza kuwa na mimba ya umri mumoja, na teste ikawajibu tofauti.

Ndiyo sababu kosa kubwa kupita yote ni kupima mapema. Ngoja mpaka siku yako ya kuona mwezi ipite. Kama siku zako hazina mpango, ao unanyonyesha, ao umeacha sindano ya kupanga uzazi, kuhesabu kwa mwezi hakukusaidii; hesabu siku 21 kutoka mara ya mwisho uliyolala na bwana yako bila kinga, kisha pima. Ukiona "hapana" na mwezi hauji, rudia kupima baada ya siku 3 mpaka 7. Soma pia namba iliyoandikwa juu ya paketi: nyingi zina 25, nyingine 10. Namba ndogo inaona mimba mapema zaidi.

Sababu ya pili ni maji. Tunawaambia wafanyakazi kila siku wanywe maji mengi juu ya joto, na ni vizuri. Lakini mukojo wa mutu aliyekunywa maji mengi ni mwepesi, na homoni imetawanyika ndani yake. Kwa hiyo pima na mukojo wa kwanza wa asubuhi. Mama anayetumika usiku asidanganyike na neno "asubuhi": kwake ni mukojo wa kwanza baada ya kulala, hata kama ni saa tisa ya mchana. Kama haiwezekani, kaa saa 4 bila kwenda chooni, na usijaze tumbo na maji ili mukojo upatikane upesi.

Tena kuna teste yenyewe. Ile iliyokaa juu ya meza ya muuzaji katika jua, ao uliyoiweka karibu na mbabula, imekwisha kuharibika. Paketi nyingi zinasema isipite joto la digri 30. Angalia tarehe ya mwisho. Usipasue mufuko mbele ya wakati, maana unyevu unaingia. Usizamishe karatasi kupita alama. Ngoja dakika zilizoandikwa, si chini wala si zaidi. Na mustari wa pili hata ukiwa hafifu kama kivuli, ni mustari: hesabu kwamba mimba iko. Lakini kama ule wa alama C haukutokea, teste haikujibu "hapana", haikujibu kitu.

Iko sababu moja ambayo inashangaza hata wauguzi. Mimba ikiwa imekomaa kidogo, ya miezi miwili ao mitatu, ao ikiwa ni ya mapacha, homoni inaweza kuwa nyingi kupita kiasi, na teste ikasema "hapana"! Namna gani? Ili mustari utokee, homoni moja lazima ishikwe na mikono miwili: mukono wa rangi na mukono wa karatasi. Homoni zikiwa nyingi mno, kila mukono unashika yake peke yake, na mikono haikutani. Haitokei mara nyingi. Lakini wewe uliyekosa mwezi mara mbili, na maziwa yanauma, usikubali jibu la karatasi. Enda upimwe damu ao upigwe ekografi.

Hata watengenezaji wa zamani walijua kwamba "ndiyo" ina nguvu kuliko "hapana". Teste ya nyumbani iliyotangazwa Marekani mwaka 1978 ilisemwa kuwa ya kweli mara 97 kwa 100 ikisema "ndiyo", na mara 80 tu ikisema "hapana". Za leo ni bora sana, lakini tofauti hiyo haijakwisha.

Hasara iko wapi? Mama anayeamini hana mimba anakunywa lutuku kwenye matanga, anameza tetrasikline ya kununua barabarani, anakwenda kwa radio na kujibu "sina mimba" bila kufikiri. Radio ya kifua ina mwali mudogo, lakini ya tumbo ni habari nyingine, na anayepiga lazima ajue. Pia anachelewa kuanza kupimwa, wakati ile mara ya kwanza inatakiwa ifanyike mbele ya wiki 12. Na wewe baba, nimesikia waume wanaochukua teste kama hakimu: mustari mumoja, basi bibi ni mwongo, anatafuta tu kuacha kazi za nyumba. Usifanye hivyo. Umupeleke kwa dispansere.

Tena kuna hatari moja isiyongoja. Mara nyingine mimba inashikamana inje ya kizazi, katika murija. Hapo homoni inaweza kuwa kidogo, na teste ikasema "hapana" wakati murija unakaribia kupasuka. Kama mwezi umechelewa, na unaumwa tumbo chini, mara nyingi upande mumoja, unatoka damu kidogo, unazunguka kichwa, ao bega linauma bila kubeba kitu, usingoje kuche. Enda hospitali usiku uleule, usiende peke yako, na ukifika umwambie munganga mambo mawili mbele ya yote: siku ya mwisho uliyoona mwezi, na kwamba teste ya nyumbani ilisema "hapana".