Mwalimu apewe bunduki au ufunguo?

Usiku wa Juni 16, 2023, wapiganaji wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, magharibi ya Uganda, karibu kabisa na mpaka wa Congo. Wavulana walijifungia bwenini, wavamizi wakalitia moto. Waliuawa watu 42, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Tangu habari hiyo itufikie hapa Tabora, nimeisikia hoja moja kwenye baraza nyingi, kuanzia Isevya hadi Gongoni: walimu nao wapewe silaha na wafundishwe kuzitumia.

Ndugu msomaji, hoja hii si ya kupuuzwa. Mzazi aliyempeleka mwanawe bweni ana haki ya kuuliza nani anamlinda saa nane ya usiku. Wala mwalimu anayejua bunduki si jambo geni kwetu. Kuanzia 1966 hadi 1994 wasomi wa nchi hii walipitishwa JKT kwa lazima, na walimu wengi wa kizazi hicho walijifunza kulenga shabaha kabla ya kushika chaki. Lakini tukumbuke kwamba mafunzo yale yalifanyika kambini, na jioni bunduki zilirudi ghalani. Hakuna aliyeondoka nayo kwenda kufundisha hesabu.

Sisi watu wa Tabora tuna jambo la kuwaambia wenzetu kuhusu silaha ya kujilinda. Katika karne ya 19 bunduki ziliingia Unyanyembe kwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na sababu iliyotolewa ilikuwa ulinzi: kulinda pembe, kulinda wapagazi, kulinda tembe za Kwihara. Ni nani angekataa sababu hiyo? Baada ya miaka si mingi bunduki hizohizo zilikuwa mikononi mwa rugaruga, vijana wasio na kazi nyingine ila vita. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora waliingia katika vita vilivyoifunga njia ya Ujiji, hata Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone akalazimika kuzunguka kusini. Silaha iliyokuja kulinda njia ndiyo iliyoifunga.

Tutazame waliokwisha kujaribu. Desemba 16, 2014 magaidi waliua watu zaidi ya 140, wengi wao watoto, katika shule ya jeshi mjini Peshawar, Pakistan. Mwezi uliofuata serikali ya jimbo la Khyber Pakhtunkhwa iliruhusu walimu kubeba silaha, na polisi wakawafundisha baadhi yao, wakiwemo wanawake. Tuwe waadilifu: Januari 2016, chuo kikuu cha Bacha Khan kiliposhambuliwa, mhadhiri wa kemia alitoa bastola yake akawarushia risasi wavamizi, na wanafunzi kadhaa wakapata nafasi ya kukimbia. Yeye aliuawa. Mungu amrehemu. Lakini katika jimbo hilohilo, huko Swat mwaka 2015, mwalimu aliyekuwa akisafisha bunduki yake shuleni alimuua mwanafunzi wake kwa bahati mbaya.

Wavamizi huja siku moja, na huenda wasije kabisa. Bunduki hukaa na watoto kila siku ya masomo, katika mkoba, katika droo, kwa mwalimu mwenye madeni, kwa mwalimu mwenye hasira. Mtume (s.a.w.) aliagiza kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Hiyo ni mishale, na anayeibeba ni mtu mwema asiye na nia mbaya.

Wala wingi wa silaha peke yake haukuokoa watoto kwingineko. Mei 24, 2022, huko Uvalde, Texas, walifika askari zaidi ya 370 na bado muuaji alikaa dakika 77 kabla ya kuuawa. Wanafunzi 19 na walimu wawili walikufa. Garissa, Aprili 2, 2015, uvamizi ulianza alfajiri, kikosi maalumu kilichotoka Nairobi kikaumaliza jioni, na watu 148 walikuwa wamekwisha kufa. Wauaji wale walijidai wanaua kwa jina la dini yetu, na kwa hiyo jambo hili lisiwe geni katika kamati za shule za Kiislamu.

Sungusungu walipoanza huku Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa na pinde na mishale tu. Nguvu yao ilikuwa mwano: yowe likipigwa kijiji kizima kinatoka. (Baadaye wapo waliopigwa na kufukuzwa kwa tuhuma za uchawi bila ya hakimu, na hilo nalo ni funzo juu ya kuwapa raia silaha.) Shule zetu ngapi zina yowe? Wazazi wanaoishi jirani wanajua filimbi ikilia usiku wafanye nini? Namba ya kituo cha polisi anayo mlinzi, au iko ofisini kwa mkuu wa shule, chini ya kufuli?

Mafunzo ninayaunga mkono, lakini ya namna hii: mwalimu ajue kuwatoa watoto 80 gizani, kuwahesabu, kufunga jeraha linalovuja damu. Septemba 14, 2020, wanafunzi 10 wa shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa, walikufa kwa moto bwenini. Hapakuwa na gaidi. Mpondwe palikuwa na gaidi, na moto uleule. Bweni lenye mlango mmoja na madirisha ya nondo zilizochomelewa linamsaidia adui wa kila aina.

Fundi wa kuchomelea akipewa siku moja anaweza kutia bawaba katika nondo za dirisha moja la kila bweni, zifunguke kwa ndani, na ufunguo ukatundikwa ukutani pale mtoto wa darasa la tatu anapofika kwa mkono.