Utungaji wa Shanga na Mapambo ya Nyumbani: Somo kwa Vikundi vya Kata

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wakazi wa Mbinga na wa kata za mwambao wa Ziwa Nyasa, hususan wanawake na vijana wanaokusudia kuunda vikundi na kuomba mkopo wa halmashauri. Linahusu mapambo ya mtindo uitwao bohemia: mikufu ya shanga za rangi mchanganyiko inayovaliwa miwili au mitatu kwa pamoja, bangili zenye matamvua ya nyuzi, na mapazia ya shanga yanayoning'inizwa mlangoni.

Jina hilo lina historia ya kuchekesha kidogo. Bohemia ni nchi ya kale ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Wafaransa waliwaita Waroma, watu wa kuhamahama, kwa jina hilo wakidhani wametoka huko. Baadaye jina likawaangukia wasanii wa Paris wa karne ya 19 walioishi na kuvaa bila kufuata taratibu za matajiri. Lakini Bohemia yenyewe ilikuwa na viwanda vya kweli vya shanga za kioo, hasa katika mji wa Jablonec, na shanga zake ziliuzwa hadi Afrika. Karne hiyo hiyo, misafara iliyotoka Kilwa kuja ufuko wa Ziwa Nyasa ilibeba nguo na shanga, ikarudi pwani na pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, watumwa. Kwa hiyo shanga si kitu kigeni hapa kwetu. Kilicho kipya ni kwamba leo mkazi wa Liuli au Mbamba Bay anaweza kuwa muuzaji badala ya mnunuzi.

Mifano ya jirani ipo. Nchini Kenya, karakana ya Kazuri ilianzishwa Nairobi mwaka 1975 na Susan Wood, ikianza na wanawake wawili waliofinyanga shanga za udongo na kuzichoma. Nchini Uganda, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini na kukaa katika mtaa wa Waacholi jijini Kampala walijulikana kwa shanga za karatasi. Huo wa Kampala ndio unaotufaa zaidi kuanza nao, kwa sababu malighafi yake hutupwa kila Januari: kalenda za mwaka uliopita.

Shanga ya karatasi hutengenezwa hivi. Chukua karatasi ya kalenda au ya jarida yenye upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 30 hivi. Pima kwa rula na uchore pembetatu ndefu, kitako cha kila moja kikiwa sentimita 2.5 na ncha ikifika mwisho wa karatasi. Zikipangwa kwa kupishana, kitako kimoja juu na kingine chini, karatasi moja hutoa pembetatu 15. Anza kuviringisha kutoka kwenye kitako, juu ya njiti nyembamba iliyonyooka, ukikaza kwa vidole na kuiweka ncha katikati. Paka gundi sehemu ya mwisho tu. Gundi ikipakwa tangu mwanzo, shanga hunasa kwenye njiti. Itoe, iache ikauke siku nzima. Kisha paka vanishi mara mbili au tatu, ukisubiri kila mpako ukauke. Kwa wakazi wa ufukweni hatua hii haina mjadala: unyevu wa ziwani huifumua shanga isiyo na vanishi. Kazi ya vanishi ifanyike nje, mbali na moto na watoto.

Pembetatu hutoa shanga nene katikati na nyembamba pembeni. Ukanda ulionyooka hutoa bomba. Upana wa kitako ndio urefu wa shanga.

Kwa mkufu wa sentimita 45, shanga 16 za karatasi na shanga ndogo 17 za kioo zenye milimita 3 hutosha: sentimita 40 za karatasi na 5 za kioo. Maana yake, karatasi moja inakaribia kutoa mkufu mzima. Anayenunua shanga za kioo akumbuke kwamba namba ya ukubwa huenda kinyume: namba 11 ni ndogo, kama milimita 2, na namba 8 ni kubwa zaidi, kama milimita 3. Wengi hununua namba 11 kwa sababu hupendeza dukani, kisha sindano ikakataa kupita.

Kutunga kwenyewe kunahitaji utulivu zaidi kuliko ustadi. Tandika kitambaa mezani ili shanga zisibingirike, upange mkufu wote kabla ya kushika sindano. Anza kwa kupitisha uzi mara mbili katika shanga moja ya kuzuia, ili nyingine zisitoroke. Uzi wa nailoni wanaotumia wavuvi ni imara, lakini huteleza. Fundo lake lizungushwe mara mbili kabla ya kukazwa, kisha liwekewe tone la gundi. Mkufu uliokamilika uvutwe kwa nguvu mbele ya wenzako. Ukikatika, ni heri ukatike hapo kuliko shingoni mwa mteja.

Kwa mapambo ya nyumbani, pazia la mlango ni la faida kuliko bangili, kwa kuwa hutumia vipande vikubwa na halihitaji vishikizo. Vipande vya mianzi myembamba vilivyokatwa kwa msumeno hupishana na shanga za karatasi kwenye uzi mnene unaofungwa kwenye fimbo. Mianzi mibichi hushambuliwa na wadudu; iloweke majini siku kadhaa, kisha ikaushe kivulini kabla ya kuikata.

Sasa yako mambo matatu ambayo kikundi hakina budi kuyakataa hata yakipendeza macho.

La kwanza ni mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, zinazotokana na mmea unaotambaa vichakani. Zina sumu iitwayo abrini, kali kiasi kwamba mbegu moja iliyotafunwa inaweza kumuua mtoto. Mbegu nzima ina ganda gumu, lakini sisi hutoboa, na kutoboa ndiko kunakoifungulia sumu njia. Vumbi lake nalo ni hatari kwa mtoboaji. Mwaka 2011, kituo cha Eden Project cha Uingereza kililazimika kuwaomba wateja warudishe bangili zilizotungwa kwa mbegu hizo. Mbegu za nyonyo, zile za madoadoa, nazo zina sumu yake.

La pili ni risasi za nyavu. Ni laini, hutoboka kirahisi na zinapatikana kila kambi ya uvuvi, lakini madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto anayeyatia mdomoni. Zibaki kwenye nyavu.

La tatu ni makombe ya konokono yanayookotwa majini. Konokono wa ziwani ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, navyo huingia mwilini kupitia ngozi ya aliyesimama majini. Makombe yaliyokauka juu ya mchanga mkavu yanatosha; hakuna mkufu unaostahili mtu kusimama saa nzima kwenye maji yenye magugu.

Kuhusu fedha, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Hata hivyo ni mkopo, na hesabu ifanywe kabla ya kuomba. Tuseme mkufu mmoja unatumia shanga za kioo za sh. 500, kishikizo cha sh. 400, gundi na vanishi ya sh. 300 na uzi wa sh. 100: jumla sh. 1,300. Kazi yake ni saa mbili, kila saa sh. 1,000. Gharama imefika sh. 3,300. Anayeuza sh. 3,000 akifurahi kupata sh. 1,700 amejinyima malipo ya kazi yake mwenyewe.

Tuseme duka la Songea linanunua kwa sh. 4,000. Zinabaki sh. 700 za kulipia deni. Kikundi cha watu watano kikikopa sh. 2,000,000 za kurejesha kwa miezi 12, kila mwezi kinadaiwa sh. 166,667, yaani kiuze mikufu 239 kwa mwezi, au 48 kwa kila mwanachama. Ni vigumu kuamini kwamba soko la mwambao litainunua yote. Kikikopa sh. 400,000 mzigo unashuka hadi mikufu 48 kwa kikundi kizima, chini ya kumi kwa kila mmoja. Kwa maoni yetu, kikundi kipya kinachotegemea shanga pekee kianze na kiwango kama hicho, na kifanye kazi zaidi katika miezi ambayo kahawa haivunwi, mikono ikiwa na nafasi.

Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye hueleza masharti ya usajili wa kikundi. Ushauri wa vifaa na ufungashaji unapatikana katika ofisi ya SIDO mjini Songea. Mnapokwenda, chukueni mikufu mitatu iliyokamilika, pamoja na karatasi ya hesabu iliyoandikwa kwa mkono wenu.