Bunduki ya kwanza ya mlinda shamba: chukua ya mtutu mmoja

Machi ndiyo hii. Mahindi ya mikoa ya msimu mmoja wa mvua, Ruvuma, Mbeya na jirani zake, yanabeba, na muda si mrefu yatakuwa mabichi ya kuchoma. Nyani, tumbili na nguruwe pori nao wanajua kalenda hiyo. Kila mwaka wakati kama huu wakulima huanza kuulizia bunduki, na wengi wao hawajawahi kumiliki silaha maishani. Fedha yao ni ya kubana, na dukani huonyeshwa kwanza zile zinazong'aa. Safu ya leo ni yao: mkulima anayetaka bunduki ya marisau, yaani shotigani, kwa mara ya kwanza, kwa bei anayoimudu.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wapo watakaookoa fedha yao yote hapa. Shotigani hurusha punje nyingi kwa mkupuo mmoja, nazo hutawanyika kadiri zinavyokwenda. Ni silaha ya karibu. Ukipita mita 35 hivi, punje zimeshaachana na nguvu imepungua, na unachofanya ni kujeruhi tu. Mkulima wa mpunga anayeitaka kwa ajili ya kwelea kwelea aiache. Kundi moja la ndege hao huhesabiwa kwa malaki, kila mmoja anaweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku, na ukipiga unaangusha wachache huku waliobaki wakihamia jaruba la jirani. Dawa ya kwelea ni kutoa taarifa mapema kwa afisa ugani mara mnapoona wanakolala au wanakozaliana, ili Wizara ya Kilimo ilete ndege ya kunyunyizia. Kwa tembo, usithubutu kabisa. Marisau hayamwangushi tembo. Yanamuumiza na kumghadhibisha, na atakayelipa ni wewe au mwanao anayepita njia ile kesho yake. Tembo na kiboko ni wa kuripotiwa kwa askari wa wanyamapori, na ripoti hiyo hiyo ndiyo inayofungua hesabu ya kifuta jasho, yaani fedha ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama.

Wanabaki nyani na nguruwe. Nyani ana akili: akiona mwenye bunduki yuko upande huu wa shamba, kundi linaingilia upande ule. Kwa hiyo hata ukiwa na bunduki bado utahitaji walinzi, mbwa, na ukingo wa shamba uliofyekwa ili mnyama aonekane kabla hajafika kwenye mahindi. Ekari moja inayolindwa na watu wa nyumbani kwa zamu haihitaji bunduki. Mwenye shamba kubwa lililopakana na msitu, mwenye mifugo inayovamiwa usiku, huyo ana hoja.

Na hoja hiyo aipeleke kwanza serikali ya kijiji. Kwa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na mmiliki aliyeruhusiwa, na maombi huanzia kwenu mnakofahamiana, yakapanda kata na wilaya hadi polisi. Usimpe muuzaji hata shilingi ya kishika bei kabla kibali hakijatoka. Bunduki ya marehemu baba nayo si yako kwa kuwa wewe ndiye mrithi. Kibali kilikuwa chake, ipelekeni kituoni muelekezwe. Gobore la kufua kienyeji lisiingie hata kwenye mazungumzo. Jambo jingine ambalo watu hulisahau: kumiliki bunduki si ruhusa ya kuua mnyamapori. Wanyama hao wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hivyo zungumza na afisa wanyamapori wa wilaya kabla ya msimu, akueleze unachoruhusiwa kufanya mnyama akivamia. Msomaji wa Kenya ajue kuwa kwao uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na wa kuwaita ni KWS, Shirika la Wanyamapori la nchi hiyo.

Sasa aina. Dukani utakuta ya mtutu mmoja inayokunjika katikati, ya mitutu miwili, ya kukoki kwa mkono, na inayojikoki yenyewe. Kwa anayeanza, mwenye fedha ya kubana, mimi nasema mtutu mmoja unaokunjika, na sisiti. Vyuma vyake ni vichache, kwa hiyo ni nafuu na haviharibiki ovyo. Lakini sababu kubwa ni usalama wa watu wa nyumbani. Bunduki ya namna hii ikiwa imekunjwa, kila mtu anaona kuwa haiwezi kulia: mkeo, kijana wako, mlinzi mwenzako aliye hatua kumi kutoka ulipo. Ya kukoki huficha risasi tumboni, na asiyeizoea huamini imekwisha kumbe moja imebaki. Tena ukijua una risasi moja tu, unasubiri mpaka umeona vizuri unachokipiga na kilicho nyuma yake. Shambani usiku, penye walinzi na watoto, subira hiyo ni uhai wa mtu.

Katika kundi hili jina linalofahamika zaidi ni Baikal, la Izhevsk huko Urusi, ambako IZh-18 ilianza kutengenezwa miaka ya 1960 na baadaye ikaitwa MP-18. Haina nakshi, lakini imetengenezwa kwa kazi. Zipo pia za Uturuki kwa bei nafuu, nzuri na mbaya pamoja, hivyo hizo chagua kwa kukagua moja moja. Kati ya ya mitutu miwili ya bei ya kutupa na ya mtutu mmoja iliyotengenezwa vizuri kwa bei ile ile, chukua ya mtutu mmoja. Mitutu miwili inayolenga mahali pamoja ni kazi ya ufundi, na ufundi huo haupatikani kwa bei rahisi.

Ukipewa iliyotumika, kazi ni hii. Ikunje mwenyewe, hakikisha ni tupu, kisha elekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha uchungulie ndani. Unataka mng'aro mmoja ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiona kivuli cha duara mahali, hapo mtutu umebonyea au umevimba, irudishe mezani. Vitundu vyeusi vya kutu karibu na chemba navyo ni sababu ya kuikataa. Ifunge, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, itikise taratibu. Isicheze. Tazama shingo ya kitako, pale nyuma ya vyuma ambapo mbao ni nyembamba, kwa sababu nyufa huanzia hapo na wauzaji huziziba kwa gundi na vanishi. Halafu soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu. Nchi nyingi za Ulaya hupima kila mtutu kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, na uliostahimili hupigwa mhuri. Mtutu usio na mhuri wala namba usiupe fedha yako.

Namba nyingine inayogongwa hapo ni ya ukubwa na urefu, mathalani 12/70. Kumi na mbili ndiyo saizi ya kununua, kwa kuwa risasi zake ndizo zinazopatikana kirahisi zaidi madukani. Sabini ni urefu wa chemba kwa milimita, na hapa naomba usikilize sana. Risasi ya shotigani hupimwa urefu wake ikiwa imeshafunguka mdomo, yaani baada ya kupigwa. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza, zile zilizobaki tangu enzi za mashamba ya walowezi, zina chemba ya milimita 65. Risasi ya 70 itaingia humo bila kipingamizi, utafunga, utaona mambo sawa. Ukipiga, mdomo wa risasi unakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda kuliko mtutu ulivyokusudiwa. Vivyo hivyo usichanganye risasi za saizi 20 na za 12 mfukoni. Ya 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa 12 hupita chemba ikanasa mbele. Mtu akidhani hajaweka kitu, akaweka ya 12 nyuma yake, mtutu unapasuka karibu na mkono. Ndiyo maana za saizi 20 hutengenezwa za njano. Ukiokota ya njano kwenye boksi la 12, itoe.

Bunduki ya mtutu mmoja ni nyepesi, na nyepesi hupiga bega kwa nguvu. Anza na risasi ya gramu 28 za marisau, zile za gramu 36 zisubiri. Ijaribu begani kabla ya kulipa. Kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako, vingi huwa sentimita 36 au 37; mwenye mikono mifupi atafute kifupi zaidi au fundi mwenye kibali akipunguze. Kisha, kwenye uwanja wa shabaha unaotambuliwa na polisi, tundika karatasi kubwa mita 30 mbali, chora duara la upana wa sentimita 76, upige katikati. Penye mapengo makubwa kati ya tundu na tundu, hapo mnyama angejeruhiwa akakimbia. Sogea karibu, rudia kwenye karatasi mpya, na umbali utakaoridhika nao ndio mpaka wako shambani.

Katika bajeti weka pia kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, na sanduku jingine lenye kufuli lake kwa ajili ya risasi. Fedha ikitosha bunduki bila kabati, haijatosha. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au turubai, hasa ninyi wa Lindi na Tanga, maana unyevu hukaa humo na kutu huanza ndani ya wiki chache. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kila inapotoka shambani. Na kila unapoitoa kabatini, chungulia mtutu kwanza: nyigu wa udongo hupenda kujenga humo, na tonge dogo la udongo linatosha kuupasua.

Maombi ya kibali huchukua muda, na mahindi hayasubiri. Kwa msimu huu panga walinzi na ufyeke kingo. Mwenye hoja ya kweli aende kwa mtendaji wa kijiji wiki hii, ili mahindi ya mwakani yakibeba awe ameshafundishwa kuitumia, kabati limefungwa, na afisa wanyamapori anamfahamu kwa jina.