Kwa Nini Giaboksi ya Otomatiki Huteleza Wakati wa Baridi?

Mabira imo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kagera, upande wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Asubuhi za Juni na Julai huko huwa za baridi, na ndio msimu wa kuvuna kahawa. Malori mengi hutumia gia za mkono, lakini pikapu kuukuu zitokazo Japani mara nyingi huwa na gia za otomatiki. Dereva huwasha gari, huingiza gia, injini ikanguruma bila gari kuvuta. Baada ya mwendo wa robo saa, kasoro hutoweka. Penye mlima na mzigo, gari huweza kurudi nyuma. Isitoshe, kila utelezi huunguza klachi, na matengenezo yake ni ghali.

Ndani ya giaboksi hii, pampu inayozungushwa na injini huvuta mafuta kupitia chujio na kuyasukuma nyuma ya pistoni. Pistoni hubana sahani za klachi, na msuguano wa sahani hizo ndio unaopeleka nguvu kwenye magurudumu. Tuchukue mfano: eneo la pistoni ni sentimita mraba 100, yaani mita mraba 0.01, na kanieneo ya mafuta ni paskali 700,000. Kani ni 700,000 × 0.01 = nyutoni 7,000. Springi ya kurudishia pistoni ikipunguza nyutoni 800, hubaki 6,200. Kanieneo ikishuka hadi paskali 300,000, hubaki nyutoni 2,200 tu. Kanieneo imepungua chini ya nusu ya awali, bali kani inayobana imekuwa kama theluthi moja.

Baridi husababisha upungufu huo kwa njia tatu. Kwanza, mnato: mafuta ya giaboksi katika nyuzi 40 za Selsiasi huwa na mnato wa mara tano hivi ya ule wa nyuzi 100. Chujio lililoziba nusu hupitisha mafuta mepesi, lakini huyazuia mazito. Pili, mafuta hunywea. Lita 8 zikipoa kutoka nyuzi 80 hadi 15 hupungua karibu lita 0.36, palipokuwa na upungufu mdogo, pampu huanza kuvuta hewa. Tatu, na hii ndiyo ya kushukiwa zaidi katika gari la miaka mingi, sili za mpira zinazozunguka pistoni hukakamaa. Zikiwa baridi hazijinyooshi kuziba nafasi, mafuta huvuja. Zikipata joto hulainika na kuziba tena. (Giaboksi inayoteleza ikiwa moto ni habari nyingine: hapo hushukiwa pampu iliyolika, kwa kuwa mafuta mepesi huvuja kwa urahisi.)

Uchunguzi na uanze kwa kijiti cha kupimia. Magari mengi hupimwa mafuta yakiwa moto, injini ikiunguruma, mahali tambarare. Ajazaye yakiwa baridi hadi alama ya moto huzidisha, na mafuta yaliyozidi hutoa povu. Rangi ya kahawia iliyokolea na harufu ya kuungua huonyesha kwamba sahani zimekwisha kuungua. Kiasi kikiwa sawa, ndipo chujio litazamwe.

Kasoro ikiendelea, gereji yenye geji huifunga kwenye tundu la majaribio asubuhi, kabla gari halijapata joto. Kanieneo ikiwa ndogo katika gia zote, chanzo ni cha pamoja: mafuta, chujio au pampu. Ikishuka katika gia moja tu, sili za klachi ya gia hiyo ndizo zinazovuja, na hapo giaboksi haina budi kufunguliwa.

Shuleni, mwalimu aweza kuonyesha sehemu ya mnato kwa faneli na saa. Mafuta yaliyolala nje usiku na kiasi hicho hicho kilichopashwa ndani ya maji ya moto vipitishwe kimoja baada ya kingine, na wanafunzi walinganishe sekunde.