Kiambaza Kilichomtia Paulo Kifungoni

JUMATATU

Soma Matendo 21:26–36. Paulo alishtakiwa kwa kosa gani? Washtaki wake walikuwa na ushahidi gani?

Katika hekalu la Yerusalemu, watu wa Mataifa waliishia ua wa nje. Mbele yao palikuwa na kiambaza cha mawe chenye maandishi ya Kiyunani, yaliyoonya kwamba mgeni atakayekivuka na kukamatwa atakuwa amejiletea kifo mwenyewe. Mojawapo ya mawe hayo lilipatikana mwaka 1871. Wayahudi wa Asia walikuwa wamemwona Paulo mjini pamoja na Trofimo, Mwefeso, wakadhani amemwingiza hekaluni (fungu la 29). Dhana hiyo tu ilitosha kuutaharukisha mji mzima. Watu walioogopa nyayo za mgeni zisilitie hekalu unajisi hawakuogopa kumwaga damu, ingawa torati ilisema kwamba damu ndiyo inayoitia nchi unajisi (Hesabu 35:33).

Ugomvi wa namna hii haukuishia zama za mitume. Agosti 1929, mabishano juu ya haki za kusali kwenye Ukuta wa Magharibi huko Yerusalemu yaligeuka kuwa mauaji yaliyoenea Palestina. Wayahudi 133 waliuawa. Waarabu 116 nao walikufa, wengi wao mikononi mwa vikosi vya Uingereza. Hebroni pekee waliuawa Wayahudi wapatao 67. Lakini katika mji huohuo, familia kadhaa za Kiarabu ziliwaficha jirani zao Wayahudi majumbani mwao, wakapona.

Linganisha Waefeso 2:13–18 na 3:1. Kuna uhusiano gani kati ya kifungo cha Paulo na ujumbe wake?

Paulo, aliyefungwa kwa kudaiwa kumvusha Mwefeso mmoja, aliwaandikia Waefeso kwamba kiambaza kimekwisha kubomolewa. Kile cha mawe kilikuwa kingali kimesimama. Kiliangamia pamoja na hekalu mwaka 70. Hata hivyo, msalabani Kristo alikuwa ameuondoa uadui wenyewe. Paulo hakutangaza ushindi wa upande mmoja. Wote wawili, walio mbali na walio karibu, wanamwendea Baba mmoja katika Roho mmoja.

Tafakari: Je, kuna mtu ambaye kanisa lako linamsimamisha “ua wa nje” kwa sababu ya kabila, hali yake au mambo yake ya zamani? Utafanya nini juma hili ili aingie?