SOMO LA KAZI ZA NYUMBANI: Tuoshe vyombo na nini?



Somo hili si la wasichana peke yao. Yule anayekula katika sahani anaweza pia kuiosha.

Tuanze na maji. Mji wetu wa Goma umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mvua inapotea ndani ya nyufa, tena hakuna mto kati ya mitaa. Watu wengi wanachota ziwani, na bidoni ya lita 20 ni kilo 20 mgongoni, kama huna chukudu. Basi mtu anaosha sahani zote katika basani moja, mpaka maji yanakuwa kama supu. Hapo ndipo hatari. Mwezi wa saba 1994 karibu wakimbizi 50,000 wa Rwanda walikufa hapa kandokando ya Goma kwa muda wa mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Tangu hapo kipindupindu kimerudi mara nyingi.

Kwa hiyo, kama una feza ya kitu kimoja tu, usinunue sponji ya rangi nzuri. Nunua basani ya pili. Ya kwanza ni ya sabuni, ya pili ni ya kusuuza. Anza na vikombe, halafu vijiko, halafu sahani, sufuria mwisho. Hivyo maji kidogo yanatosha. Yakiwa ya moto, mafuta yanayeyuka na sabuni haiishi mbio.

Sasa, kitu cha kusugulia. Dodoki ni nzuri kwa sahani na vikombe. Kipande cha mfuko wa wavu wa vitunguu nacho ni kizuri sana, tena ni cha bure: hakishiki mafuta, kinakauka upesi. Sponji inabaki na maji ndani, na vijidudu vinapenda unyevu. Ukiwa nayo, ichemshe mara kwa mara, na ikianza kunuka, itupe.

Na majivu? Wazee hawakukosea. Katika shimi tunajifunza kwamba majivu yana chumvi za potasi, na hizo zikikutana na mafuta zinafanya kama sabuni. Yachunge kwanza, yasiwe na vipande vya makala. Lakini sufuria ya aluminiumu usiiache ndani ya maji ya majivu, juu ya nini? Yanaila na kuifanya nyeusi. Mchanga wetu wa volkano ni mbaya zaidi, una ncha kali kama chupa iliyovunjika. Sufuria inang'aa leo, lakini chakula cha kesho kinashika katika mikwaruzo. Chakula kikiungua, loweka usiku kucha, halafu kwangua na kipande cha mti. Nyuzi za chuma ziwe za masizi ya nje tu.

Wengine wanamwaga javeli katika maji machafu na kufikiri wamemaliza. Sivyo. Uchafu unamaliza nguvu ya javeli mbele haijafika kwa vijidudu. Osha na sabuni kwanza, halafu tia javeli kidogo katika maji safi ya mwisho.

Torsho ile ile inayopangusa meza, mikono na mdomo wa mtoto, isiguse sahani safi. Tegeneza kichanja cha miti, vyombo vikauke kwa jua, vimeinamishwa. Bei yake ni misumari tu.